KOPO LA MVUA: MANENO YA KATIBU KWA WANAUSHIRIKA

(Maneno haya aliyasema Ndugu Katibu wa Tawi mbele ya mkutano wa wanaushirika, pale ghalani, kabla ya msimu. Ameyaandika mwenyewe kwa mkono ili wasiohudhuria wasome hapa ukutani. Asiyejua kusoma amwombe jirani amsomee.)

Mwenyekiti amenipa nafasi niseme juu ya kupima mvua. Wengine wamekwisha kunong'ona kwamba Katibu sasa amekuwa mganga wa mvua. Hapana. Mganga anasema mvua itakuja lini. Mimi nasema tupime ile iliyokwisha kuanguka, basi. Kutabiri ni kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, na kutoa tahadhari kwa umma ni kazi yao kwa sheria. Kazi yetu ni kopo na daftari.

Nianze na kosa langu, maana wengi mnalijua na itakuwa aibu nikilizunguka.

Mnakumbuka ule msimu ambao mvua ya kwanza ilitupiga mwezi wa Desemba usiku, ikaamka na tope mpaka mguuni hapa kwetu katikati ya kijiji. Mimi asubuhi nilishika kipaza sauti nikasema pandeni, mvua imefika. Watu wakapanda. Mtama, alizeti, hata mahindi kwa wale wenye imani kubwa. Halafu jua likakaa wiki tatu. Hapa katikati tulipata manyunyu mara moja, miche ikasogea sogea. Kule Mbugani mbegu zilioza, na zilizoota zikaungua. Mbegu zenyewe ni za mkopo wa ushirika.

Ulipofika mkutano wa madeni watu wa Mbugani wakaomba wasogezewe deni mpaka mavuno yanayofuata. Nikasimama mimi Katibu wenu nikasema kijiji ni kimoja na mvua ni moja, imenyesha kwa wote, kama mwenzako amepata debe mbili na wewe hukupata kitu basi ni uvivu wa palizi. Nilisema hivyo, msinifichie. Mama mmoja akasimama akanijibu: "Katibu, hiyo mvua yako niliiona kwa macho na niliisikia kwa mbali. Mimi sikulowa." Watu wakacheka. Mimi nikacheka pia, na deni likakatwa. Yule mama aliuza mbuzi mnadani ili alipe.

Msimu uliofuata mwalimu mmoja wa shule yetu aliweka makopo mawili, moja shuleni na moja Mbugani, kwa ajili ya somo la wanafunzi tu. Siku moja mvua kubwa ikapiga hapa, bati likalia mpaka hatusikilizani. Asubuhi nikapanda baiskeli na mwalimu kwenda Mbugani, si mbali, mnajua wenyewe, hata jasho halijatoka umefika. Kopo la shuleni lilikuwa na maji vidole viwili. La Mbugani lilikuwa na maji ya kufunika ukucha. Nikaliinama nikalitazama mara mbili nikidhani limetoboka. Halikutoboka.

Sasa nisieleweke vibaya. Kopo la msimu ule si ushahidi wa msimu uliopita. Huenda mwaka wa deni mvua ilikuwa hivyo, huenda haikuwa hivyo, hatuna maandishi. Ila limeniondoa jeuri ya kusema mvua ilinyesha kwa wote. Kwa mama nilikwenda. Habari ya mbuzi tumeyazungumza mimi na yeye, hayo si ya ukutani.

Ndiyo sababu Bodi imekubali kwamba kuanzia msimu huu kila kitongoji kiwe na kipimamvua chake, na mtu akiomba kusogezewa deni la mbegu kwa sababu ya ukame, daftari la kitongoji chake lifunguliwe kwanza kabla ya Katibu au mtu mwingine yeyote kufungua mdomo.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Mvua inapimwa kwa milimita, yaani ule urefu wa maji yangesimama juu ya ardhi kama yasingezama, yasingetiririka wala kukauka. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita moja ya mraba. Wengi hapa hawaamini nikisema hivyo, basi hesabuni nyumba. Bati la nyumba lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 linafunika mita za mraba 48. Mvua ikinyesha milimita 10, ambayo ni mvua ya kawaida tu, bati hilo limepokea lita 480. Ndoo za lita 20 ni ndoo 24. Akina mama mnaokwenda kisimani alfajiri, ndoo 24 zimepita juu ya vichwa vyenu mmelala. Lakini hilo la mifereji na matangi ni mkutano mwingine, Mwenyekiti ananikonyeza. Na shamba la ekari moja kwa mvua hiyo hiyo limepata lita kama elfu 40.

Kipimamvua cha kwanza kabisa mnaweza kukifanya leo jioni. Chukua kopo lenye kuta zilizosimama wima, mdomo na kitako sawa. Liweke nje, asubuhi tumbukiza rula. Kopo likiwa wima namba ya rula ndiyo mvua, kopo liwe pana au jembamba hakuna tofauti. Watu hubisha hapo. Wanasema kopo pana linakamata maji mengi. Ndiyo, linakamata mengi na linayatandaza kwenye kitako kikubwa, urefu unabaki ule ule. Lakini angalia, rula nyingi hazianzi na sifuri kwenye ncha, kuna kipande cha mti kabla ya namba. Kikate. Na ndoo za plastiki hazifai kwa njia hii, kwa kuwa zimepanuka juu.

Ubaya wa kopo na rula ni mvua ndogo. Milimita mbili za maji kitakoni huwezi kuzisoma vizuri, na jua likitoka mapema zimekwenda. Kwa hiyo tumechagua njia ya faneli, ile ile ya kumiminia mafuta. Fundi bati wetu ametengeneza faneli ambazo mdomo wake una upana wa sentimita 11 na milimita 3, kutoka ukingo hadi ukingo. Mbona namba ya ajabu hivyo? Kwa sababu mdomo wa upana huo una eneo la sentimita za mraba 100 kamili, au karibu kabisa. Na hapo hesabu inakuwa nyepesi: kila mililita 10 za maji zilizoingia ni milimita 1 ya mvua. Kwenye duka la dawa za mifugo tunapata bomba la sindano la mililita 10. Ondoa sindano. Bomba moja likijaa, milimita moja. Mabomba mawili na nusu, milimita 2.5. Asiyejua kuandika atahesabu kwa kokoto, kila bomba kokoto moja, halafu mwenzake ataandika.

Faneli inakaa juu ya chupa ya maji ya lita moja na nusu. Chupa hiyo inabeba milimita 150, na hapa kwetu mvua ya namna hiyo kwa siku moja ikija tutakuwa na habari nyingine za kushughulikia kuliko kopo. Chupa inakaa ndani ya ndoo yenye mchanga ili isiangushwe na upepo, nanyi mnaujua upepo wa Singida, hauna adabu. Fundi ameongeza ukuta wa bati wima juu ya faneli, kwani bila ukuta matone makubwa yanaruka nje. Shingo nyembamba ya chupa inazuia maji yasikauke.

Mahali pa kuweka ndipo watu wanapokosea zaidi. Si chini ya mti, si karibu na mchirizi wa bati, na si juu ya paa, huko upepo unapeperusha matone yapite pembeni. Pima hivi: kitu chochote kirefu, nyumba au mwembe, kipimamvua kikae mbali nacho angalau mara mbili ya urefu wake. Mwembe wa mita 6, wewe kaa mita 12 au zaidi. Mdomo wa faneli uwe sawa kama meza, usiinamie upande. Uzio wa miiba ni lazima kwa ajili ya mbuzi, lakini uwe mfupi. Mbuzi anakunywa, jamani. Mwaka jana mbuzi alitunywea mvua ya siku nzima.

Kusoma ni saa tatu asubuhi kila siku, saa hiyo hiyo, mvua imenyesha au haikunyesha. Hata vituo vikubwa husoma mvua saa tatu. Ukisoma leo saa moja, kesho saa sita, siku zako hazilingani urefu na huwezi kulinganisha na mwenzako. Andika tarehe ya asubuhi uliyosoma. Siku kavu andika 0. Usiache wazi! Nafasi wazi maana yake hatujui kama hakukuwa na mvua au msomaji alikuwa kilabuni. Na kama hukusoma, andika "sikusoma". Hakuna adhabu kwa neno hilo. Adhabu iko kwa atakayejaza namba ya kubuni, kwani siku moja ya uongo inaharibu mwezi mzima.

Habari ya nukta. Mimi, kama mnavyojua, namba nilijifunzia kisomo cha watu wazima, nikiwa mtu mzima mwenye watoto. Nukta ilinisumbua sana. Wiki ya kwanza ya kusoma kipimamvua nilipata mabomba mawili na nusu, nikaandika 25. Nukta sikuiona umuhimu. Nikamwambia jirani imenyesha milimita 25, akatoa mbegu ndani. Mwalimu ndiye aliyemkuta njiani na kumrudisha. Nukta ile ndogo ilikuwa inakula kilo nne za mbegu. Siku hizi naiandika kubwa kama punje ya mtama, mtaiona daftarini.

Nimeulizwa sana juu ya wizi, nami sitalikwepa. Mtu ana deni. Anamwaga maji ya chupa ili shamba lake lionekane halikupata mvua. Au yule asiye na deni anamwaga maji ndani. Yote yanawezekana. Kwa hiyo kila kipimamvua kina wasomaji wawili kutoka nyumba mbili zisizo za ukoo mmoja, wanasoma pamoja na kutia alama wote. Daftari linasomwa hadharani kila Jumamosi hapa ghalani. Tena mvua yenyewe ina ushahidi wake: kitongoji kikipata kubwa na jirani zake wa pande zote wakapata sifuri, hilo hutokea, lakini likitokea kila wiki tutakwenda kuangalia udongo kwa jembe. Bado mtu mwerevu anaweza kutushinda. Ila ni vigumu zaidi kuliko zamani, ambapo ilitosha kuwa na sauti kubwa kama yangu.

Sasa faida shambani. Redio inaposema Vuli na Masika, mvua hizo mbili ni za wenzetu wa kaskazini na pwani. Singida tumo katika mikoa ya mvua moja, ile Mamlaka inayoiita mvua za Msimu, Novemba hadi Aprili. Wanapotoa utabiri wanasema wastani, chini ya wastani au juu ya wastani. Watu husikia "wastani" wakadhani ni mvua nzuri. Wastani wa mahali ni mvua ya miaka mingi, kawaida 30, ikajumlishwa na kugawanywa. Ikija kati ya asilimia 75 na 125 ya hiyo wanaiita wastani. Wastani wa Singida ni mdogo tangu hapo! Mvua ya wastani hapa si ya mahindi ya Rungwe. Na wastani wa kijiji chetu haujulikani na mtu yeyote duniani, kwa sababu hakuna aliyepima. Tukianza msimu huu, watoto hawa wa dirishani ndio watakaoujua.

Kuhusu kupanda, wataalamu wengi hutumia kipimo cha namna hii: mvua imeanza kweli ikiwa zimepatikana milimita 20 au zaidi ndani ya siku moja au mbili, na katika siku 30 zinazofuata hazipiti siku 10 mfululizo bila mvua. Sehemu ya kwanza kopo litakuambia. Sehemu ya pili kopo haliwezi, hilo ni jambo la mbele, hapo sikiliza utabiri wa siku 10 wa Mamlaka na muulize bibi shamba wetu. Na chimba. Mvua ya mabomba 20 kwenye kichanga na kwenye mbuga nyeusi si kitu kimoja. Juu panalowa na chini pamekauka, mbegu inadanganyika inaota. Ndicho kilichotukuta Desemba ile, na mwenye kipaza sauti hakuchimba.

Wazee wameniuliza, je, dalili zetu tuzitupe? Miti inayochanua, pepo zinazogeuka, ndege? Sijasema hivyo. Nendeni mkaulize Kongwa, jirani zetu tu wa Dodoma. Mwaka 1947 Waingereza walikuja pale na matrekta kulima karanga eneo ambalo jicho halifiki mwisho. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, zaidi ya paundi milioni 30 zimepotea. Sababu zilikuwa nyingi, udongo unaokauka kama saruji, mashine kufa, haraka ya wakubwa. Lakini mvua imo. Walifyeka kwanza, mvua ya mahali pale wakaijua baadaye, na Wagogo waliokuwa wanaijua hawakuulizwa. Basi sisi tufanye vyote viwili. Kila daftari lina ukurasa wa nyuma wa dalili: mzee akiona mti umechanua aseme, tuandike tarehe, halafu tuone mvua ilikuja lini. Baada ya miaka kadhaa tutajua dalili ipi ni ya kuaminika. Hata kupima mvua vijijini si mambo ya juzi. Kule Korea mwaka 1441, enzi za mfalme Sejong, serikali ilitengeneza vipimamvua vya namna moja vikasambazwa mpaka mawilayani ili wajue hali ya mashamba.

Kijana mmoja hapa ameuliza kwa nini tusinunue kile cha kisasa cha umeme wa jua, kinachopima chenyewe na kupeleka namba kwenye simu. Swali zuri. Ndani yake kuna vijiko viwili vidogo vinavyopinduka kila vikijaa, na kila kupinduka ni namba. Ni kitu kizuri. Lakini buibui akijenga mle ndani, au ndege akiacha choo chake kwenye faneli, kinaandika sifuri siku zote huku mnalowa. Hata wenye navyo huweka kopo la mkono pembeni la kukisahihishia. Tuanze na hilo la pembeni. Fedha ikipatikana tutazungumza.

Joto sitasema mengi. Shuleni kuna kipimajoto kimoja. Kinakaa ndani ya kibanda cheupe cha mbao zenye nafasi za kupitisha hewa, mita moja na robo hivi kutoka ardhini, kivuli siku zote. Mkikiweka juani hampimi hewa, mnapima kipimajoto kinavyopata joto. Mkikiweka chini ya bati mnapima bati. Na bendera ya upepo iliyo pale si ya sherehe: upepo tunauita kwa jina la kule unakotoka, upepo wa mashariki unatoka mashariki. Wanafunzi wanawacheka watu wazima kwa hilo, kwa hiyo nawatahadharisha.

Mambo ya mwisho ni ya utaratibu. Vipimamvua viko vitano, vitagawiwa Jumamosi. Kila kitongoji kije na majina mawili, angalau moja liwe la mwanamke, maana saa tatu asubuhi wanaume wengi huwa hawajulikani walipo. Madaftari yatatundikwa kwenye msumari mlangoni pa ghala kila mwisho wa mwezi, na bibi shamba atauliza ofisi ya wilaya utaratibu wa kuziwasilisha namba zetu Mamlaka ya Hali ya Hewa. Bomba la sindano la kupimia lisitumike kwa ng'ombe.

Msomaji wa kwanza wa Mbugani amekwisha kupatikana. Ni yule mama. Nilipomwomba aliniuliza kama Katibu ataamini atakachoandika. Nimemjibu mbele ya Mwenyekiti, na hapa naliandika ili libaki ukutani: nitaamini.

Katibu wa Tawi